Mdudu Asiye na Meno: Jinsi Vipepeo na Nondo Wanavyojikinga

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya viumbe ambao kila mmoja wetu huwaona kila siku lakini ni wachache wanaowafikiri: vipepeo na nondo. Kabla sijaanza, yanipasa kuungama kosa langu mwenyewe, kwani kosa hilo ndilo lililonifanya nitafute elimu hii.

Nilikuwa na kitalu kidogo cha miche ya milimau nyuma ya nyumba yangu, miche arobaini hivi, nami nilitumaini kuiuza ili nipate karo ya shule. Asubuhi moja niliona juu ya majani machanga vitone vidogo vyeusi vyenye doa jeupe katikati. Nikajisemea moyoni, "Ndege wamelala hapa," nikaenda zangu kazini. Baada ya siku tatu vitone vilikuwa vimezidi ukubwa, wala sikushangaa. Juma la pili lilipokwisha, miche mingi ilikuwa imebaki vijiti vitupu. Mzee mmoja, jirani yangu, ambaye hajapata kuingia darasani, alipita akatazama kitalu changu akacheka. Akaniambia, "Mwanangu, kinyesi cha ndege hakihami kutoka jani hili hadi lile."

Vile vitone vilikuwa viwavi. Nilikuwa nimewatazama adui zangu kwa macho yangu mawili kwa muda wa siku nyingi, na wao walikuwa wamenidanganya kama wanavyowadanganya ndege. Ndipo nilipofahamu ya kuwa mkulima asiyejua hila za mdudu hupigana gizani.

Maisha ya Sehemu Nne

Vipepeo na nondo ni wa ukoo mmoja. Jina lao la kitaalamu, Lepidoptera, latokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya mabawa yenye magamba. Ukimshika kipepeo, vidole vyako hubaki na unga wa rangi. Huo si unga, bali ni magamba madogo sana yaliyopangwa juu ya bawa kama vigae juu ya paa. Wataalamu wamekwisha kuzipa majina aina zaidi ya 150,000 za ukoo huu, na katika hizo vipepeo ni karibu 18,000 tu. Zilizobaki zote ni nondo. Kipepeo huruka mchana, na pembe zake za kupapasia zina kirungu nchani. Nondo walio wengi huruka usiku, na pembe zao ni kama uzi au kama unyoya.

Maisha yao yana sehemu nne: yai, kiwavi, kifuko ambamo kiwavi hulala akigeuka umbo, kisha mwenye mabawa. Katika sehemu hizo zote nne mwili wake ni laini. Hana mwiba kama nyuki, hana gamba gumu kama mende, wala mwenye mabawa hana meno, kwa kuwa mdomo wake aghalabu ni mrija wa kunyonyea tu. Naye ana adui wasiohesabika: ndege, vinyonga, mijusi, buibui, chungu, nyigu na popo. Basi kiumbe mnyonge namna hii amewezaje kudumu? Jibu ni kwamba kila aina imepata silaha yake katika muda wa vizazi vingi mno. Waliokuwa rahisi kuonekana waliliwa. Waliofanana kidogo na jani au na kinyesi walisalia wakazaa. Kidogo kidogo, kazi hiyo ya kuchaguliwa ikakamilisha hila ambazo fundi wa kibinadamu hawezi kuzitengeneza.

Hila ya Kujificha

Tumtazame kwanza yule aliyeniharibia kitalu. Mama yake ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, ambaye huzunguka penye milimau, midimu na michungwa. Hutaga yai moja hapa na moja pale juu ya majani machanga. Kiwavi anapokuwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, nalo ni vazi la akili, kwa maana hakuna ndege atakaye kula kinyesi. Lakini vazi hilo haliwezi kumfaa akiisha kuwa mkubwa kama kidole, kwani hakuna ndege mdogo mwenye kinyesi kikubwa hivyo. Kwa hiyo akijivua ngozi kwa mara ya mwisho hubadilika akawa kijani kama jani, mwenye mikanda ya rangi ya kahawia inayovunja umbo lake.

Akigunduliwa bado anayo silaha ya pili. Mguse kwa kijiti, nawe utaona nyuma ya kichwa chake zikichomoza pembe mbili laini zenye rangi ya machungwa, na papo hapo harufu kali ya kuchukiza itakufikia puani. Harufu hiyo huwafukuza wadudu wadogo wamshambuliao. Mwisho, akitaka kugeuka, hujifunga uzi wa hariri kiunoni akaegemea kijiti, na kifuko chake huwa cha kijani penye majani mabichi, au cha kahawia penye matawi makavu.

Wako na wengine wanaobadili nguo kwa majira ya mwaka. Katika nyasi na vichaka vya nchi yetu kuna vipepeo wadogo wa rangi ya kahawia warukao karibu na ardhi. Wale wanaozaliwa wakati wa mvua wana madoa ya duara kama macho kandokando ya mabawa. Ndege au mjusi huyaona macho hayo akayadonoa, na kipepeo huenda zake akiwa amepoteza kipande cha bawa tu, roho imesalimika. Wale wazaliwao wakati wa kiangazi karibu hawana macho hayo. Wao hukaa kimya juu ya majani makavu, wakafanana nayo. Mama ni wa namna moja na watoto ni wa namna nyingine, kwa sababu kiwavi hupimiwa vazi lake na joto la siku alizokua.

Sumu na Bendera Yake

Lakini kuna vipepeo wasiojificha hata kidogo. Bila shaka umemwona yule wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizotiwa madoa meupe, arukaye polepole kama mtu anayetembea sokoni bila haraka. Kiwavi wake, mwenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano, hula magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa yaotayo kando ya njia na katika malisho. Utomvu huo una sumu inayodhuru moyo. Kiwavi hadhuriki, badala yake huweza kuiweka akiba mwilini, na akiba hiyo humfuata hata akiwa na mabawa. Rangi yake ni bendera inayosema waziwazi, "Nile ujute."

Jambo hili lilithibitishwa Marekani kwa ndugu wa kipepeo huyu aitwaye monaki. Mwaka wa 1967 mtaalamu Lincoln Brower na wenzake walieleza jinsi walivyowalea viwavi wengine kwa magugu yale ya maziwa, na wengine wakawazoeza kula kabichi. Ndege waliokula vipepeo wa magugu walitapika. Waliokula vipepeo wa kabichi hawakupata neno. Ndege aliyekwisha kutapika alikataa baadaye hata kumgusa kipepeo wa rangi ile. Hivyo somo moja chungu lililinda maisha ya wengi.

Waigaji

Penye fedha ya kweli hapakosekani fedha ya bandia. Mwingereza Henry Walter Bates alikaa katika misitu ya mto Amazon kwa miaka 11, tangu 1848, akikusanya wadudu. Aliona kuwa vipepeo wa koo mbalimbali, wasio na udugu wa karibu, walifanana mno kwa rangi na kwa mruko. Mwaka wa 1862 alitoa maelezo yake: kipepeo asiye na sumu huvaa nguo za mwenye sumu, ili ndege amwogope bure. Baadaye, mwaka wa 1878, Mjerumani Fritz Müller aliyeishi Brazil akaongeza kwamba hata wenye sumu wawili huweza kuvaa nguo moja, ili somo la ndege liwe moja na gharama yake wagawane.

Mfano wa Bates tunao hapa kwetu. Kipepeo wa rangi ya machungwa niliyemtaja ana mwigaji wake, ambaye wanasayansi humwita Hypolimnas misippus. Dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yanayong'aa zambarau pembeni. Jike lake halifanani naye hata kidogo. Ni la rangi ya machungwa lenye ncha nyeusi, na ukiwaweka jike hilo na yule mwenye sumu pamoja utatazama mara mbili kabla hujawatenga. Jike ndilo lenye mzigo wa mayai, nalo hulazimika kuruka taratibu likitafuta majani ya kutagia. Ndilo linalohitaji kinga zaidi.

Sasa fikiri kama karani wa fedha. Sarafu za bandia hupita sokoni maadamu zile za kweli ni nyingi. Zikizidi za bandia, kila mwenye duka atazigonga mezani. Kadhalika waigaji wakiwa wengi kuliko wenye sumu, ndege watajifunza kuwa rangi ya machungwa ni chakula kizuri, na hila itakufa. Yuko kipepeo wa Afrika aliyelitatua jambo hili kwa namna ya ajabu. Jina lake ni Papilio dardanus, naye ana makao katika misitu yetu. Dume ni la manjano hafifu, lenye mikia miwili nyuma. Majike yake hayana mikia, nayo hayana sura moja: moja huiga kipepeo mweusi na mweupe mwenye sumu, jingine huiga yule wa rangi ya machungwa, na mengine huiga wengine. Sura hizo za majike zapita kumi, na dada wawili wa mama mmoja huweza kuwa na sura mbili tofauti. Hivyo hakuna sarafu moja inayoigwa kupita kiasi.

Zamani wakusanyaji walidhani hao ni vipepeo wa aina mbalimbali. Mwaka wa 1869 Roland Trimen, aliyekuwa Afrika Kusini, ndiye aliyesema kuwa wote ni wake za dume lile moja la manjano. Wengi walishindwa kusadiki, kwa maana katika kisiwa cha Madagascar jike na dume wa kipepeo huyu hufanana, wote wana mikia.

Mtu aweza kuuliza, "Elimu hii yamfaa nani?" Nitamjibu. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa Liverpool, Cyril Clarke, pamoja na Philip Sheppard, walizalisha vipepeo wa jamii hii ili wajue jinsi sura hizo zinavyorithiwa. Kurithiwa kwa sura za vipepeo kukamkumbusha Clarke kurithiwa kwa aina za damu za binadamu. Kutoka hapo yeye na wenzake wakaingia katika utafiti wa ugonjwa wa Rhesus, ambao damu ya mama huiharibu damu ya mtoto aliye tumboni. Katika miaka ya 1960 walikuwa miongoni mwa waliopata sindano ya kuuzuia. Mama wengi leo wanabeba watoto hai, wala hawajui kuwa njia ya dawa hiyo ilipita kwenye mabawa ya kipepeo.

Vita vya Usiku

Nondo naye ana adui asiyetumia macho. Popo hupiga sauti nyembamba mno ambayo sikio letu haliisikii, kisha husikiliza mwangwi wake akajua mdudu yuko wapi. Nondo wengi wamepata masikio ya kuisikia sauti hiyo, mengine kifuani, mengine tumboni. Popo akiwa mbali, nondo hugeuka akaenda upande mwingine. Popo akiwa karibu sana, hukunja mabawa akaanguka kama jiwe. Mtaalamu Kenneth Roeder wa Marekani alieleza mambo haya kwa majaribio mengi. Tena wako nondo wenye ladha mbaya ambao humjibu popo kwa sauti ya mlio wa tiki-tiki, naye huwaacha. Mlio huo hufanya kazi ile ile ya rangi kali mchana.

Nondo asiye na masikio afanye nini? Mwaka wa 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Bristol, Uingereza, walichunguza nondo mmoja mkubwa wa Afrika, wakaona kuwa magamba ya mabawa yake hutikisika kwa kiasi kile kile cha sauti za popo. Magamba ya namna hiyo huweza kuimeza sauti, mwangwi ukapungua. Basi ule unga ubakiao vidoleni mwako ni ngao pia.

Wafugaji wa nyuki wanamjua mwingine, yule nondo mnene mwenye alama kama fuvu la kichwa mgongoni. Huingia ndani ya mzinga usiku akanywa asali. Ngozi yake ina harufu inayofanana na ya nyuki, nao humpitisha kama mwenyeji. Akishikwa hutoa mlio kama panya.

Adui Aliye Katika Mahindi

Sasa tuje penye chakula chetu. Mwaka wa 2016 nondo mgeni kutoka bara la Amerika alionekana Afrika ya Magharibi, na mwaka wa 2017 akathibitishwa kuwa amefika Kenya. Huyu ndiye mama wa kiwavijeshi vamizi. Wengi walinunua dawa kwa fedha ya mkopo, wakapiga mchana kutwa, na mahindi yakaendelea kuliwa. Si kila mara kosa lilikuwa la dawa. Mara nyingi ni kwamba mkulima hakujua jinsi adui anavyojikinga.

Mama hutaga mayai kwa mafungu ya mamia, kisha huyafunika kwa magamba ya mwili wake mwenyewe, yakaonekana kama ukungu au vumbi juu ya jani. Kiwavi akikua kidogo hushuka katika kitovu cha mhindi, pale majani machanga yanapofunguka, na kinyesi chake kama pumba za mbao huziba mlango juu yake. Joto la mchana hukaa chini humo. Akitoka kula, hutoka zaidi usiku na nyakati zisizo na jua kali. Dawa inayopigwa saa sita mchana huanguka juu ya kifuniko cha kinyesi, wala haimfikii. Tena kiwavi huyu ana kinga ya damu: katika bara alikotoka amekwisha kuzoea dawa nyingi, na dawa ile ile ikitumiwa daima, wanaosalia ni wale tu ambao haiwaui.

Basi mkulima afanye nini? Kwanza, apite shambani mara mbili kila juma tangu mahindi yakiwa machanga, ageuze majani, na kila fungu la mayai analoliona aliponde kwa vidole. Kazi ya dakika moja huua mamia. Pili, ajue sura ya adui: kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Tatu, shamba likiwa dogo, wengi hutia mchanga au majivu kidogo katika kitovu cha mhindi, na hao viwavi huumia humo. Nne, ikiwa hapana budi kutumia dawa, amwulize afisa wa kilimo dawa iliyoruhusiwa, aipige asubuhi mapema au jioni, aielekeze kitovuni, abadilishe namna ya dawa, wala asisahau kujifunika mikono na pua.

Tano, asiwaue wasaidizi wake. Wako nyigu wadogo sana, wengine wadogo kuliko chawa, wanaotaga ndani ya mayai na viwavi vya nondo hawa. Hao hawadanganyiki kwa ukungu wala kwa kinyesi, kwani huwatafuta kwa harufu. Anayenyunyiza dawa kila mahali kwa hasira huwaua askari wake mwenyewe. Tena taasisi ya icipe, yenye makao Nairobi, pamoja na wenzake, wamefundisha kupanda desmodiamu katikati ya mahindi, na majani ya ng'ombe pembezoni mwa shamba. Harufu ya desmodiamu huwachukiza nondo, na majani ya pembezoni huwavuta waende kutaga huko. Njia hiyo ilianzishwa kwa sababu ya viwavi vya mabua, tena imeonekana kupunguza na huyu mgeni.

Wala nisieleweke vibaya kana kwamba nasema kila kipepeo ni adui. Aliye juu ya magugu ya maziwa hagusi mazao yako. Huko Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu mwaka wa 1993 wakulima wamekuwa wakilea vipepeo wa msitu, na vifuko vyao huuzwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho. Huko msitu uliosimama umekuwa na faida kwa jirani zake.

Na mimi nilipanda milimau mingine. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, napita kitaluni nikigusa kwa kijiti kila kinyesi cha ndege nikionacho. Kikitoa pembe mbili, nakitoa. Kwa mti mkubwa wenye majani tele siwasumbui viwavi wachache, kwani mti hauoni hasara. Mche mdogo ndio unaohitaji mlinzi. Kazi hiyo hainigharimu hata senti moja, ila macho.

Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya hao nyigu wadogo, rafiki za mkulima ambao wengi hatujapata kuwaona.